Jina Nililompa Frateri

Ninyi vijana mnaotumwa sasa kufuatana na wageni mna simu zenye kamusi ndani. Sisemi ni vibaya. Ningekuwa nayo wakati ule, ningeitumia. Lakini simu haijui mzee wa Migato akinyamaza ana maana gani, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanzia.

Mimi nimefasiri miaka ishirini na minne hapa Bariadi, Kiswahili kwenda Kisukuma na Kisukuma kurudi Kiswahili, kwa mapadri na masista wa kila rangi. Elimu yangu ni darasa la saba. Paroko ameniomba niwaandikie niliyojifunza, nami nikatoa madaftari yangu ya zamani kwenye sanduku nikayasoma upya. Nilisikitika kidogo. Nilidhani nilikuwa mkalimani mzuri. Madaftari yanasema nilikuwa mkalimani wa kawaida aliyekosea sana, na kwamba kosa langu kubwa kuliko yote ndilo lililonifaa kuliko yote. Sijui kama hilo ni jambo la kumfundisha kijana. Someni, mtaamua wenyewe.

Kwanza kanuni, maana bila kanuni hii hamtaelewa mengine.

Aliyeniingiza kazini ni katekista wetu, Mzee Petro, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya watu pembeni ya padri, nikawa nafasiri hivi: “Padri anasema amefurahi kufika. Anasema anawasalimu. Anasema…” Misa ilipokwisha Mzee Petro akanivuta nyuma ya kanisa.

“Wewe Klementi, yule padri ni bubu?”

“Hapana, mzee.”

“Ana homa?”

“Hana.”

“Basi mbona unamsemea kama ndugu wa mgonjwa? Anasema, anasema! Akisema ‘mimi’, na wewe sema ‘mimi’. Ukisema ‘anasema’ watu wanakutazama wewe, na wewe hawakukujia. Ukisema ‘mimi’ wanamtazama yeye. Umesikia?”

Nilisikia. Jumapili iliyofuata padri akaanza kueleza maisha yake, akasema kwa hiari yake hakuoa. Nami kwa sauti kubwa nikatangaza kwa Kisukuma: “Mimi kwa hiari yangu sikuoa.” Mke wangu alikuwa benchi la tatu, na mtoto mapajani. Kanisa lote likageuka kumtazama yeye, halafu likanitazama mimi, halafu likaangua kicheko. Padri akadhani Wasukuma wanaona useja ni kichekesho. Ilinichukua wiki nzima kuweka mambo sawa, kwa padri na nyumbani. Hata hivyo sikuiacha kanuni. Mkalimani husema “mimi”. Likumbukeni hilo neno, tutalirudia.

Sasa Frateri Biju. Frateri ni kijana anayesomea upadri, ambaye kabla ya kupewa daraja hutumwa mahali akaonje kazi. Huyu alitumwa kwetu miaka miwili. Alitoka kusini mwa India, ana miaka ishirini na sita, mwembamba, na masharubu ambayo nadhani aliyafuga ili aonekane mkubwa. Kiswahili alikuwa amesoma chuoni miezi minne, na alikisema kwa usafi kuliko sisi. Kisukuma hakujua hata neno moja.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Bado tulikuwa chini ya mkoa wa Shinyanga, Simiyu ulikuwa mto tu. Maduka yalikuwa yamejaa sabuni na sukari, vitu tulivyokuwa tumevisahau sura, na nguo za mitumba zilikuwa zikimwagwa chini kila gulio. Na pamba ilikuwa imefunguliwa. Ununuzi haukuwa tena wa chama cha ushirika peke yake, kila mwenye gari na mizani aliruhusiwa kuja kijijini kununua. Wengi wa hao wanunuzi wapya, waliotoka Mwanza na Shinyanga, walikuwa Wahindi.

Mnaona tatizo linakokuja.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa kijiji kimoja upande wa Lagangabilili. Siku hizi Lagangabilili kuna ofisi za wilaya na mapaa yanayong'aa, lakini wakati ule ilikuwa mashamba na njia za ng'ombe. Tulifika na pikapu ya misheni, Frateri kavaa shati jeupe, nyuma kuna sanduku la chuma la vifaa vya misa. Kabla vumbi halijatulia tulikuwa tumezungukwa. Watu wanaburuta marobota ya pamba kutoka kila upande.

Mama mmoja, mpana, aliwapita wengine wote akasimama mbele yangu. Kwa Kisukuma akasema, “Mwambie huyu Mhindi pamba yangu si fifi, si ile chafu ya daraja la chini. Nimeichambua mimi mwenyewe na mabinti zangu. Aishike!”

Nikafasiri. Frateri, maskini, kwa adabu akaishika. Akaiminya, akatabasamu, akatikisa kichwa namna ya kwao, bega hadi bega, kama mtu mwenye maji sikioni.

“Anakataa!” mama akapiga kelele. “Jamani, hata hajapima, anakataa!”

“Hakatai, mama. Anasema ni nzuri.”

“Kwa kichwa kile?”

“Kwao ndivyo wanavyokubali.”

“Na wakikataa wanafanyaje? Wanapiga sarakasi?”

Watu wakacheka, na hapo nikapata nafasi ya kueleza kwamba huyu si mnunuzi, ni mtu wa misheni, na kwenye lile sanduku hakuna mizani. Haikuwa habari njema kwao. Marobota mazito yale yalikuwa yameburutwa bure. Naona hata leo walikuwa na haki ya kukasirika. Mzee mmoja akasogea kutoka nyuma, akamkazia macho Frateri, akamsalimu: “Mwangaluka.” Frateri, salamu hiyo nilikuwa nimemfundisha njiani, akaitikia: “Mwangaluka mhola.” Mzee akauliza: “Ng'wa nani?”

Kwa ninyi mliokulia mjini nieleze. Salamu ya kwetu haiishii hapo kwenye mwangaluka. Mkubwa atakuuliza ng'wa nani, yaani wewe ni wa nani, nawe unataja jina la ukoo wa baba yako. Naye anakurudishia salamu kwa jina hilo. Bila jina, salamu inaning'inia, na wewe mwenyewe unaning'inia nayo. Mtu asiyejua ni wa nani anaweza kuwa mtu gani?

Mkalimani mwema angemgeukia Frateri akamwuliza, “Jina la ukoo wenu ni lipi?” Ni swali la sekunde tano. Mimi sikuuliza. Nilimwona yule mzee alivyokunja uso, nikaona kundi lile lilivyochukia, nikasikia mdomo wangu ukisema:

“Ng'wa Luhende.”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. “Luhende wa Migato? Amezaa mpaka huko?” Lakini uso ukafunguka. Akampa Frateri mkono. “Mwangaluka, ng'wa Luhende.” Na kundi zima likaitikia.

Frateri akaninong'oneza, “Ameuliza nini?”

“Ameuliza jina la baba yako.”

“Umemjibu?”

“Nimemjibu.”

Akatikisa kichwa, ameridhika.

Luhende ni babu yake baba yangu. Na mimi, vijana, jina hilo nilikuwa nimekatazwa kulitumia. Lazima niseme kwa nini, ingawa mstari huu nimeuandika na kuufuta mara tatu.

Nilibatizwa nikiwa mtu mzima, nikiwa na moto kuliko wote walionibatiza. Nyumbani kwetu Migato baba yangu alikuwa na kijumba cha masamva, mizimu ya baba zake. Kijumba kidogo cha fito na nyasi, kinakufika kiunoni. Siku moja baba akiwa malishoni, nilichukua jembe lake nikakibomoa. Hakuna padri aliyenituma. Mzee Petro alipopata habari alinigombeza mpaka nikalia. Lakini wakati huo baba alikuwa amesharudi, ameona. Hakunipiga. Alikaa chini akaanza kuchonga mpini wa jembe, maana baba akikasirika huchonga. Nyumba yetu haikuwahi kukosa mipini. Akasema bila kuinua macho: “Kuanzia leo ukiulizwa ng'wa nani, tafuta jibu lako. Jina la Luhende liache hapa.”

Nikaliacha. Miaka saba sikukanyaga Migato. Nikiulizwa nilitaja jina la ukoo wa mama, na wazee walikuwa wakinitazama kwa mashaka kidogo, kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Sasa hapo mbele ya marobota ya pamba lile jina lilinitoka lenyewe. Sikuwa na ruhusa ya kulivaa, nikamvika mgeni.

Lingeishia pale, lingekuwa kosa dogo. Lakini salamu hutembea kuliko pikapu. Tulipofika kijiji cha pili tulikuta tayari wanajua. “Mwangaluka, ng'wa Luhende!” Frateri akapenda. Aliniuliza maana yake, nikamwambia ni neno la heshima. Si uongo, nilijiambia. Si kweli pia.

Hebu niwaambie jinsi alivyoishi, maana ninyi mtaletewa wageni na mtataka kujua waishije. Siri zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, alikula kwa mkono, na alikula vizuri, kwa vidole, bila kumwaga. Wamisionari wengine niliofuatana nao walikuwa wakiomba kijiko na kila mama alikuwa akihangaika kukitafuta kwa jirani. Frateri akinawa tu, amekwisha kuwa mtu wa nyumbani. Alitembea na kikopo cha pilipili ya unga toka kwao, akinyunyizia ugali wa mtama, akinyunyizia mlenda, mpaka maziwa ya mgando. Watoto walikuwa wakishindana kuilamba halafu wakimbie kisimani. Ya pili, alifua nguo zake mwenyewe. Wanawake walikuwa wakimwonea huruma. “Huyu ng'wa Luhende ukoo wake umemtupa? Hana hata dada?” Nami nikisikia hivyo nilikuwa nikibadilisha mazungumzo.

Pikapu ilipoharibika tulienda kwa baiskeli. Hapa kuna elimu nitakayowaachia bure. Udongo wetu mweusi mvua ikinyesha unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa. Ng'oa madigadi kabla ya masika. Chukua kijiti kigumu ukifunge kwenye fremu cha kukwangulia. Na ukiona njia inang'aa kama imepakwa mafuta, shuka ubebe baiskeli, usijidai. Frateri alijidai mara moja, karibu na daraja. Alianguka polepole, kama mtu anayelala, akabaki amekumbatia baiskeli kwenye tope. Nilimwinua. Akasema, “Klementi, kwetu mvua inanyesha miezi mitatu mfululizo na sikuwahi kuanguka. Nyinyi mna mvua ya mtego.”

Mwanhuzi ndiko tulikopata aibu nyingine, na hiyo ilikuwa yake. Alihubiri ule mfano wa mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja aliyepotea. Nchi ile ni kavu, ni ya wafugaji. Mzee mmoja akanyoosha mkono katikati ya mahubiri. “Ngoja kwanza. Hao tisini na tisa alimwachia nani? Kwetu huku kuna fisi.” Frateri akarudi kutafuta kwenye kitabu. Nikawa nimesimama, sina cha kufasiri. Mzee akamsaidia. “Aliwaachia mtoto wake, sivyo? Mtu mwenye mifugo yote ile hawezi kukosa mtoto wa kushika nafasi.” Frateri akatikisa kichwa bega hadi bega. Watu wakaniangalia. “Amekubali,” nikasema. Mwaka mzima nimefasiri shingo ya mtu.

Njiani kurudi aliniuliza, “Wewe baba yako ni mfugaji?”

“Ni mfugaji.”

“Nani anamshikia nafasi?”

Nikamwambia tuangalie mashimo barabarani.

Mama yangu alikuwa akinitumia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kupitia wanawake waliokuja gulioni Bariadi. Pamoja na mzigo huja salamu. Mara moja salamu ilikuja hivi: “Mama yako anasema baba yako amesikia kuna Mhindi anaitikia kwa jina la Luhende. Hajasema kitu. Amechonga mipini minne.”

Nilishindwa kula michembe ile.

Niliendelea kunyamaza. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimeamua kumwambia Frateri, lakini daftari liko wazi, na halina uamuzi wowote. Lina hali ya hewa na idadi ya waliobatizwa.

Miezi mitano kabla ya muda wake kwisha, nilikuwa naziba pancha nyuma ya nyumba ya mapadri. Frateri akaja na kidaftari chake cha Kisukuma. Wakati huo alikuwa amejifunza mengi, anaulizia njia, anatania wauza maziwa. Akachuchumaa mbele yangu.

“Klementi, Luhende ni nani?”

Nikajua amekwisha kujibiwa.

“Mzee Petro amenieleza,” akasema. “Nilimwuliza kwa nini ninaitwa neno la heshima ambalo padri hapewi. Alicheka mwanzo. Halafu akaacha kucheka.”

“Nisamehe, Frateri.”

“Mimi nina babu. Anaitwa Varki. Alichimba kisima kijijini kwetu kwa mikono. Mwaka na nusu watu wananiuliza mimi ni wa nani, na mdomo wangu umesema uongo, na mdomo wenyewe ni wewe.” Sauti yake ilikuwa imepanda. Sikuwahi kumwona hivyo. “Nitahubiri nini tena kwa watu hawa? Na baba yako, huyo mzee wa Migato, uliomba ruhusa yake?”

“Hapana.”

“Basi twende tukamwombe msamaha.”

“Mimi siwezi kwenda.”

“Kwa nini?”

Nikamweleza kila kitu, jembe na kijumba na mpini. Nilitegemea, niseme ukweli, kwamba angeniona shujaa kidogo. Alikuwa anasomea upadri. Akatazama tairi.

“Nyumbani kwetu,” akasema, “kuna picha ya babu Varki ukutani. Kila jioni mama anaiwashia taa. Sisi ni Wakristo tangu zamani sana, lakini taa ile haijawahi kukosekana. Mtu akiivunja kwa jembe wakati mama yangu yuko sokoni…” Akasimama. “Twende Jumatano.”

Tulikwenda kwa baiskeli, kiangazi, njia ngumu kama sakafu. Kwenye keria tulifunga sukari, majani ya chai na mche wa sabuni. Kwa mkwe au kwa baba usiende mikono mitupu, hata kama amekufukuza. Nilikanyaga pedali nikiwaza: akikataa kuniona mbele ya Frateri, nitarudi Bariadi nikiwa sina baba kwa mara ya pili, na safari hii kwa kushuhudiwa.

Tulifika saa tisa alasiri. Mama alikuwa akianua mtama. Alituona, akashika mdomo, akaingia ndani moja kwa moja, nikasikia vyombo vinaanguka. Baba alikuwa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anachonga. Alikuwa amezeeka shingoni. Kando ya zizi niliona kijumba cha masamva, kipya, nyasi zake safi. Niliondoa macho haraka.

Baba akamtazama Frateri peke yake. Akamsalimu kwa Kisukuma, akaonyesha kigoda cha pili. Cha tatu hakikuwapo. Nikasimama pembeni ya Frateri, mahali pa mkalimani.

Sasa mjue jambo moja. Baba yangu anajua Kiswahili. Ujanani alifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akiamriwa na kujibu kwa Kiswahili. Na Frateri wakati ule Kisukuma cha kuomba msamaha alikuwa nacho, nilikiona kidaftarini kwake. Lakini baba alianza kwa Kisukuma, na Frateri akajibu kwa Kiswahili. Watu wawili, hakuna hata mmoja aliyenihitaji, nami nimesimama katikati nafasiri.

Baba akasema, nami nikasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa:

“Mimi nilikuwa na kijana. Alibomoa nyumba ya baba zangu kwa jembe langu mwenyewe.”

Kisu kilikuwa kinaendelea kwenye mti.

“Nyumba niliijenga tena kwa siku mbili. Ni fito na nyasi. Hiyo haikuninyima usingizi. Mtu akitaka kuacha mambo ya baba zake, aje aniambie. Ningepiga kelele. Ningemwita mjinga. Halafu tungekula. Lakini yeye alingoja mimi niende malishoni.”

Hapo nilitaka kuacha, lakini nilimaliza sentensi. Frateri hakunitazama. Alimtazama mzee, kama Mzee Petro alivyotaka watu watazame. Halafu akasema kwa Kiswahili, taratibu, akiacha nafasi kila baada ya maneno machache:

“Mimi nimekukosea, mzee wangu. Nimetumia jina lako bila kukuomba.”

Nikafungua mdomo kufasiri. Na kwa Kisukuma, mbele ya baba yangu, nikasikia sauti yangu ikisema: “Mimi nimekukosea, baba. Nimetumia jina lako bila kukuomba.”

Kisu kikasimama.

“Nilikuwa na woga,” Frateri akasema. “Nilifanya kitu kwa siri kwa sababu nilijua ni kibaya.”

Yeye siri gani aliyofanya? Hakufanya yoyote. Lakini kazi yangu haikuwa kuuliza. “Nilikuwa na woga,” nikasema. “Nilifanya kwa siri kwa sababu nilijua ni kibaya.”

“Ninaomba unisamehe.”

Kwa lugha yetu kusamehe ni kama kuachia kitu ulichokishika mkononi. Nikasema, “Naomba uniachilie.” Sikuongeza neno, sikupunguza. Ni tafsiri sahihi kuliko zote nilizowahi kufanya, na sijui mpaka leo kama ilikuwa tafsiri.

Baba akapangusa maganda ya mti mapajani. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria tupu mkononi. Mwishowe baba akamwambia Frateri, nami nikafasiri: “Umetoka mbali. Mtalala hapa. Mtakula?”

Frateri akatikisa kichwa, bega hadi bega.

Baba akakunja uso. Akanigeukia mimi. Mimi, si Frateri.

“Mbona anatikisa hivyo? Anakataa chakula changu?”

“Hapana, baba. Amekubali. Kwao ndivyo wanavyokubali.”

“Kwa kichwa kile?”

“Kwa kichwa kile, baba.”

Pembe ya mdomo wake ilisogea. Akarudi kwenye mpini wake. Hakunisemesha tena jioni ile, na sitawadanganya kwamba alinikumbatia. Tulikula mlo mmoja, yeye na Frateri kwenye sinia moja, mimi na mama pembeni. Frateri alitoa kile kikopo cha pilipili, baba akaionja, akatokwa machozi, akaomba tena.

Asubuhi niliamka nikakuta Frateri ameshakaa jikoni nje, na kikombe cha chai. Nikakaa karibu naye. Kuku walikuwa wakipita katikati yetu. Baba akatoka ndani, akasimama jua likimpiga usoni, akatutazama sote wawili. Akasema:

“Mwangaluka, ng'wa Luhende.”

Frateri alijua kuitikia. Alikuwa ameitikia kwa jina hilo mwaka na nusu, kila kijiji kutoka Lagangabilili hadi Mwanhuzi, kwa sauti nzuri kabisa. Nikamsubiri aitikie. Hakuitikia. Aliinamia kikombe chake, akapuliza chai ambayo ilikuwa imekwisha poa, akaendelea kupuliza.

Baba bado alikuwa amesimama.

“Mwangaluka mhola, baba,” nikasema.